Mzunguko wa Ndani

Senga Rennie aliaga kwamba anakwenda mjini kununua kamba ya kufungia sanduku. Kamba zilikuwa zikiuzwa duka la chini ya nyumba yao, hatua thelathini kutoka mlangoni, na mama yake alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale mtaani kwao Govan. Lakini mama aliendelea na kazi yake. Alikuwa mezani akivifunga kwa magazeti vikombe vyake vizuri, vile vitano vyenye ukingo wa buluu, ili mwanawe aende navyo Kanada.

"Usikawie," alisema tu. "Na ujifunge kitu kichwani, itanyesha."

Glasgow mtu akikuambia itanyesha hajakupa habari. Senga alijifunga kitambaa, akashuka ngazi za jengo, akavuka barabara. Badala ya kwenda kituo cha basi kama alivyofanya kwa miaka mitatu, miguu ikampeleka yenyewe kwenye mlango wa treni ya chini ya ardhi.

Treni ile ilikuwa imefunguliwa tena tangu katikati ya Aprili. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya Mei, mwaka 1980, na mji mzima ulikuwa umeshaipanda, mpaka wale wenye magari yao. Senga peke yake ndiye aliyekuwa bado. Akiulizwa alisema hana shida nayo. Uongo mtupu. Alikuwa akiiogopa, kama mtu anavyoogopa kupita mbele ya nyumba aliyowahi kupendwa ndani yake. Lakini Jumatatu ndege ilikuwa inamchukua uwanja wa Prestwick kumpeleka kwa shangazi yake Netta, tiketi ya kwenda bila kurudi, na moyo ulikuwa umemwambia azunguke mara moja. Mara moja tu, aage, basi.

Chini hakukitambua kituo. Zamani kiliitwa Govan Cross, sasa kimebaki Govan tu, kana kwamba jina zima lilikuwa zito kubeba. Ngazi zilikuwa za umeme. Kuta zilikuwa za vigae vinavyong'aa, na taa zilikuwa nyingi mno kwa mtu aliyekuja kulia kidogo. Na harufu haikuwapo! Ile harufu ya lami na udongo mbichi na mvua ya juzi, ambayo ukirudi nayo nyumbani baba anajua ulipanda nini kabla hujavua koti. Watu waliilalamikia harufu ile miaka nenda miaka rudi. Senga alisimama akainusa hewa kama mpishi anayenusa sufuria tupu, asipate kitu.

Treni ile ilizunguka mji kwa duara, njia moja ya ndani na moja ya nje. Senga alitembea mpaka mwisho wa jukwaa, upande wa mzunguko wa ndani, pale linaposimama behewa la nyuma. Hakujiuliza kwa nini.

Treni ikatoka handakini, ya rangi ya chungwa, safi kama kifaa cha duka. Milango ikafunguka yenyewe. Zamani haikufunguka yenyewe. Zamani kulikuwa na mtu wa kuifungua.

Na mtu huyo alikuwa ndani, kiti cha mwisho, kofia mkononi na mfuko wa karatasi magotini.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Senga alibaki ameshika ubavu wa mlango, mguu mmoja jukwaani na mmoja ndani.

"Ingia, bibi abiria," yule mwanamume alisema. "Milango ya siku hizi haina huruma kama mimi."

Senga akaingia. Milango ikajifunga nyuma yake.

Jina lake lilikuwa Eunan Boyle, na miaka mitatu iliyopita alikuwa kondakta wa behewa la nyuma katika treni ya zamani, ile nyekundu, iliyokuwa ikiyumba mpaka abiria wanashikana na watu wasiowajua. Kazi yake ilikuwa kulivuta geti la chuma katika kila kituo, kutaja jina la kituo kwa sauti, kulifunga geti, na kukaa dakika mbili mpaka kituo kinachofuata. Vituo kumi na tano kwa mzunguko, mchana kutwa.

Vijana wa Glasgow wa wakati ule walikuwa na desturi yao. Nyumbani ni vyumba viwili na watu saba, nje mvua, na kwenye mgahawa mwenye mgahawa anakukodolea macho chai ikiisha. Kwa hiyo walinunua tiketi moja moja, wakateremka kwenye treni, wakazunguka. Hakuna aliyewauliza wanashuka wapi, maana treni ile haina mwisho. Posa nyingi za mji ule zilitolewa gizani kati ya vituo, na harusi nyingi zilianza kwa watu wawili kusahau kushuka.

Senga yeye alimpenda kondakta mwenyewe. Kwa hiyo mapenzi yao yalikuwa ya vipande vya dakika mbili. Hadithi iliyoanza Cessnock ilimalizikia Bridge Street. Siku Eunan alipofungua moyo wake walikuwa wakikaribia Hillhead. Alisema, "Senga, mimi naku—" treni ikasimama, akainuka, akavuta geti, akaita "Hillhead!", wakashuka watu tisa, wakapanda wanne na mbwa, akafunga geti, akarudi, akamaliza: "—penda." Senga alikuwa ameshikilia pumzi muda wote ule. Mpaka leo hajui aliwezaje.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mzee Wullie Rennie, baba yake Senga, mchomeleaji wa meli na mpiga ngoma wa maandamano ya Waprotestanti ya kila Julai, aliposikia kwamba kijana mwenyewe ni Mkatoliki, alipiga meza mpaka masizi yakaanguka kutoka kwenye bomba la moshi. "Binti yangu hatapiga magoti mbele ya padri nikiwa hai!" Na ng'ambo ya mto, mtaa wa Partick, mama yake Eunan aliishika rozari yake akasema, "Mprotestanti? Wa Govan? Afadhali ungeniambia umeugua, mwanangu, ningejua dawa yake."

Basi wakapanga kutoroka. Treni ilikuwa itafungwa ijengwe upya, na Jumamosi ya mwisho wa Mei ndiyo ingekuwa siku yake ya mwisho. Eunan angekuwa kazini. Saa nne asubuhi Senga angepanda behewa la nyuma, mzunguko wa ndani, na sanduku lake. Wangezunguka pamoja mpaka zamu iishe, kisha wakimbilie treni ya London. Hawakupanga kituo cha kukutana. Wapange kituo cha nini, nao wana behewa?

Kumbe ilipobaki wiki moja, nyufa zikaonekana kwenye dari la kituo cha Govan Cross, treni ikafungwa kabla ya siku yake. Senga aliamka akakuta mlango una kufuli na tangazo lililoandikwa kwa haraka. Behewa ndilo lilikuwa mahali pao pekee pa kuonana, na barua ingeishia mikononi mwa wazazi.

Na Jumamosi yao ilipofika, Eunan hakuja. Hivyo ndivyo Senga alivyojua kwa miaka mitatu, na hivyo ndivyo alivyomtazama sasa.

Alikaa kiti cha mbele yake, si kando yake. Treni ikaondoka. Kati yao, upande wa dirisha, alikaa mama mmoja mtu mzima mwenye kikapu na koti la kijani, akajifanya anatazama nje, ambako hakukuwa na kitu ila giza.

"Umekata nywele," Eunan alisema.

"Miaka miwili iliyopita."

"Zimekupendeza."

"Sikukata kwa ajili yako."

Treni ikasimama Ibrox. Eunan akasimama papo hapo, mkono ukanyoshwa kutafuta geti. Milango ikafunguka yenyewe mbele yake. Akabaki pale kama mtu aliyeitwa kwa makosa, kisha akarudi kukaa, masikio yamewiva. Senga alitaka kucheka. Alijiuma mdomo, maana aliyemwacha mtu mvuani hachekewi.

"Unafanya nini humu?" aliuliza.

"Nazunguka. Kila Jumamosi, saa nne, napandia Partick. Behewa la nyuma. Leo ni Jumamosi ya saba tangu wafungue."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nina ahadi na mtu," Eunan alisema. "Huyo mtu ndiye ambaye hakuja."

Damu ilimpanda Senga kichwani.

"Mimi sikuja? Eunan Boyle, usinitanie. Mimi ndiye sikuja?"

"Hukuja."

"Nilikuja! Nilisimama kutwa nzima! Viatu vyangu viliharibika siku ile, mpaka leo sijapata vingine kama vile!"

"Usiniambie ulikuja, nilikuwepo mimi! Tangu saa tatu mpaka saa kumi na moja, nimeegemea kufuli, watu wananipita wananiuliza kama nimerogwa!"

"Wapi?"

"Pale pale! Mlangoni kwa kituo!"

"Kituo gani?"

"Chenu! Govan Cross! Ningesimama wapi kwingine?"

Treni ilipita Cessnock, ikapita Kinning Park, watu wakashuka na kupanda. Eunan safari hii hakuinuka.

"Mimi," Senga alisema taratibu, "nilikuwa chenu. Nilikuwa Merkland Street."

Kati ya Govan Cross na Merkland Street ni kituo kimoja tu, lakini mto Clyde umepita katikati. Siku ile, treni ikiwa imefungwa, kila mmoja alipanda basi, basi likaingia handaki la magari chini ya mto, kila mmoja akaenda kumfuata mwenzake. Yamkini mabasi yao yalipishana humo humo.

"Ulikwenda kwetu kufanya nini?" Eunan alinong'ona.

"Nikufuate! Nilijua kwenu ni karibu na kituo, nilijua huna pa kusimama ila pale."

"Lakini mimi ndiye mwanamume, Senga. Mwanamume ndiye anayefuata."

"Na mimi ndiye niliyekuwa na sanduku! Mwenye sanduku ndiye anayesafiri!"

"Yesu na Mariamu," yule mama wa koti la kijani alisema, akageuka kabisa, uso ukiwaelekea. Aliona haya kwa muda mfupi sana. "Samahani, wanangu. Semeni, semeni. Mimi nashuka St Enoch."

Senga alikuwa akiiona tena siku ile: mvua ikimwagika, kufuli, mwanamke wa duka la samaki akimletea kiti, naye akikataa kukaa ili aonekane akiwa amesimama. Alikuwa ameichukia sura ya Eunan miaka mitatu, na mtu aliyemchukia alikuwa ng'ambo ya mto amelowa vile vile. Uchungu ulimjaa, akashindwa kujua aumwage wapi.

"Ningejua," alisema. "Ningejua tu kwamba ulikuja."

"Lakini ulijua." Eunan alimtazama kwa mshangao. "Mama yako hakukuambia?"

"Mama?"

"Alishuka akaniletea chai. Ilikuwa karibu saa kumi na moja. Akaniambia umeondoka jana yake, umekwenda kwa jamaa zenu Largs, umesema nisikungoje. Nikamwuliza, amesema hivyo mwenyewe? Akasema ndiyo, kijana wangu, kunywa chai uende kwenu."

"Mama yangu hawezi kusema hivyo."

"Senga—"

"Mama yangu siku ile jioni alinivua viatu kwa mikono yake! Alinikausha nywele! Hakuniuliza hata nimetoka wapi na sanduku!" Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfikia. Mama gani haulizi?

Eunan hakubishana. Aliufungua ule mfuko wa karatasi, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso ya mwanamume, akakifungua taratibu juu ya magoti yake. Kilikuwa kikombe. Cheupe, chembamba, na ukingo wa buluu.

"Nilikisahau mkononi," alisema. "Nilizinduka nikiwa kwenye basi. Kesho yake nilikwenda London, nikafanya kazi kwenye treni zao za chini. Mstari wangu ulikuwa na mwisho, unafika, unashusha watu, unageuza. Sikuuzoea. Kila Krismasi nilisema nitakituma kwa posta, halafu nikasema, kikivunjika je? Na kikivunjika, nitabaki na nini?"

Senga alikichukua. Nyumbani kwao vikombe vile vilikuwa sita, zawadi ya harusi ya mama, na havikushuka kabatini ila kwa mchungaji na kwa misiba. Tangu mwaka ule vilikuwa vitano. Alimkumbuka mama akisema, huku akifuta kabati na mgongo ameugeuza: "Kile kimoja kimeanguka. Treni imekitikisa." Govan kila kilichovunjika kilivunjwa na treni. Nyumba zao zilikuwa juu ya handaki, sahani zilicheza rafuni tangu asubuhi, na hakuna aliyeuliza.

Lakini wiki ile treni ilikuwa imefungwa. Hapakuwa na treni ya kutikisa kitu. Na yeye Senga, aliyeililia treni ile kuliko mtu yeyote, hakuwahi kuliona hilo mpaka leo.

"Ee Mungu wangu," alisema, machozi yakamtoka mbele za watu.

"St Enoch imepita," Eunan alimkumbusha yule mama wa kikapu, kwa adabu, maana ukondakta haumtoki mtu.

"Naijua, mwanangu, nimeiona ikipita. Kituo nikikikosa kitanirudia, ndio uzuri wa treni yetu." Akampa Senga leso kutoka kikapuni. "Na wewe futa machozi umwulize kama ameoa, maana mimi nashindwa kumwuliza."

Senga alicheka na kulia kwa pamoja. "Umeoa?"

"Nioe nani?"

"Nauliza."

"Sijaoa. Na wewe?" Aliuliza akitazama sakafu.

"Sijaolewa. Lakini Jumatatu naondoka, Eunan. Nakwenda Kanada. Shangazi amenitafutia kazi na chumba. Tiketi ipo nyumbani, nyuma ya saa ya ukutani. Siwezi kurudi mpaka sijui lini."

Uso wa Eunan ulibadilika. Buchanan Street. Cowcaddens. Watu walijaa na kupungua. Zamani dakika mbili hazikuwatosha; sasa walikuwa na muda wote, hakuna geti la kufungua, na mwanamume amekaa kimya. Alikuwa amezoea kukatizwa. Asipokatizwa hakujua pa kuanzia. Senga alimtazama mikono, ile mikono iliyokuwa na sugu za geti. Sugu zilikuwa zimeondoka. Hilo lilimhuzunisha kuliko alivyotarajia.

"Unakumbuka," Eunan alisema walipokuwa Kelvinbridge, "mzee wa filimbi?"

"Aliyekuwa analala, ukimwamsha anapiga?"

"Amefariki. Mwanawe aliniambia. Alikataa kupanda basi miaka yote mitatu, akasema atangoja treni. Alikosa kwa mwezi mmoja."

"Maskini."

"Nilimfikiria sana. Kungoja ni kuzuri, Senga, lakini kuna watu kunawapita." Akavuta pumzi. "Sina haki ya kukuzuia. Shangazi yako amekupangia maisha. Mimi nina nini? Nimeomba kazi ya kuuza tiketi, watanijibu Juni. Nina chumba na kikombe ambacho si changu."

"Nani amekuuliza una nini?" Senga alisema, kwa ukali ambao haukuwa ukali.

Hillhead ikafika, ikapita. Kelvinhall, iliyokuwa ikiitwa Partick Cross. Kisha Partick mpya, kituo kilichojengwa mahali pengine kuchukua nafasi ya Merkland Street. Merkland Street yenyewe ilikuwa imefungwa moja kwa moja, ngazi zimefukiwa, jina limeondolewa ramanini. Milango ikajifunga, treni ikaingia gizani kuelekea mtoni.

Eunan akasimama. Aliinamisha kichwa, akisikiliza magurudumu kwa miguu. Handaki lilipanuka kidogo, mlio wa treni ukabadilika, ukawa wa mahali penye nafasi, muda wa pumzi mbili tatu.

"Merkland Street!" aliita, sauti ile ile ya zamani, behewa zima likageuka. Mkono wake ukavuta geti lisilokuwepo. "Hapa, Senga. Jukwaa bado lipo gizani. Juu yetu hapa ndipo uliposimama na viatu vyako, na mimi sikuwepo."

Senga hakuona kitu dirishani ila uso wake mwenyewe na wa Eunan nyuma yake. Lakini aliinusa. Kwa kitambo kile kifupi, kutoka kwenye kituo kilichofukiwa, ilipenya ile harufu ya lami na udongo mbichi. Alifumba macho.

"Nakupenda," Eunan alisema. "Usiende."

Yalitoka yote mawili kwa pamoja, na safari hii hapakuwa na kituo cha kuyakata.

Treni ikapita chini ya mto. Mama wa koti la kijani alikuwa amekumbatia kikapu chake kama mtoto. Senga alikirudisha kikombe kwenye leso, akakifunga vizuri kwa mikono iliyotulia, akamrudishia Eunan.

Govan. Milango ikafunguka.

"Shuka," alisema.

"Nyumbani kwenu? Na baba yako?"

"Baba tulimzika Desemba. Shuka, Eunan, milango hii haina huruma."

Wakashuka. "Mimi naendelea St Enoch!" yule mama aliwaita nyuma yao. "Na nikipita hapa tena, ole wenu niwakute mmegombana jukwaani!"

Mama yake Senga alifungua mlango kabla hawajabisha. Jessie Rennie alikuwa mwanamke mfupi, na tangu msiba alikuwa amezidi kufupika. Alimtazama mwanawe, akamtazama mwanamume aliye nyuma yake, kisha macho yake yakatua kwenye kile kifurushi cha leso.

"Umechelewa kukirudisha," alimwambia Eunan.

"Nisamehe, mama."

"Miaka mitatu!" Senga alipasuka, hata kabla ya kuingia ndani. "Miaka mitatu, mama! Uliniona nikiingia nimelowa, ukanikausha nywele, na maneno haya umeyakalia moyoni! Uliniacha nimchukie!"

Mama aliwapisha mlangoni. Alirudi mezani, akashika kiti.

"Baba yako alikuwa pale dirishani," alisema. "Alikuwa amemwona. Koti amevaa, anataka kushuka awaite wenzake wa kiwanda cha meli, wanne wako pale kona wanakunywa. Unajua wangemfanya nini kijana huyu. Nikamwambia, kaa, Wullie, namfukuza mimi. Nikashuka. Mdomo wangu ulimfukuza, kweli, kwa sababu baba yako alikuwa akiutazama."

"Na baadaye? Usiku? Mwaka uliofuata?"

"Baadaye niliogopa. Mtu akishasema uongo siku ya kwanza, siku ya pili ni ngumu zaidi. Sina la kujitetea hapo." Alimgeukia Eunan. "Lakini kwenye kabati kulikuwa na makopo ya chai saba, kijana wangu, ya bati, yale anayonywea fundi wa bomba. Ningetaka usirudi ningekutilia kwenye kopo. Nilichukua kikombe cha mchungaji. Nikasema, aliyelelewa hatakaa na kikombe cha mtu. Atakirudisha."

Eunan alikiweka kikombe mezani.

"Sijakusamehe," Senga alisema.

"Sikukuomba leo. Kaeni, maji yamechemka."

Kisha mama akaanza kuyafungua magazeti. Hakuambiwa na mtu. Alikunjua kikombe kimoja, akakunjua cha pili, mpaka vyote vitano vikawa mezani, na cha sita akakisogeza karibu navyo kwa kidole. Pale pale treni ikapita chini ya nyumba. Vikombe sita vikaanza kulia kwenye visahani, na wote watatu, kama mtu yeyote wa Govan, wakanyosha mikono wakavishika mpaka ilipopita. Kidole cha Eunan kilikuwa juu ya cha Senga. Hakuna aliyekiondoa.

"Mzunguko wa ndani," Eunan alisema, akiitambua treni kwa mlio wake.

Mama alikuja na birika, linatoa moshi, akatazama meza akitafuta mahali pa kuliweka, meza isiungue. Senga aliinuka, akaingiza mkono nyuma ya saa ya ukutani, akatoa bahasha ya tiketi ya ndege, akailaza katikati ya vikombe.

"Weka hapa," alisema.